Bibi Asiyejua Kiingereza

Mtaani kwetu kila mtu alijua kwamba Doña Herlinda Madrigal anajua Kiingereza, isipokuwa mjukuu wake. Mwoka mikate alijua. Padri alijua. Bwana wa posta alijua pia, maana siku moja alimwachia kifurushi cha jirani na akapewa vidonge vyake kwa Kiingereza kilichonyooka. Lakini Yareli akitokea tu mlangoni na begi lake la shule, bibi alifunga mdomo, akalegeza macho, akawa mwanamke aliyeteremka kutoka milima ya Michoacán kule Mexico asubuhi ile ile.

Watu walimtunzia siri hiyo kwa sababu walimpenda, na kwa sababu iliwachekesha. Hapa bondeni Yakima, Marekani, nusu ya watu huondoka alfajiri kwenda kwenye mashamba ya matofaa, na nusu nyingine hurudi kutoka huko huko, kwa hiyo burudani si nyingi. Wapo waliojitia kuwa wakalimani wake mbele ya mtoto, wakamfafanulia mambo ambayo yeye alikuwa ameyasikia vizuri kuliko wao, naye akawashukuru kwa unyenyekevu mpaka shoga yake Cuca akalazimika kutoka nje kwenda kucheka.

Kiingereza chenyewe alikipata kazini. Alitandika vitanda kwenye moteli ya barabara kuu kwa miaka mingi, kisha akasimama kwenye kiwanda cha kufungasha matofaa hadi magoti yalipogoma. Jioni alifuata masomo kwenye ukumbi wa kanisa, na akifika nyumbani anawasha televisheni kwenye kile kipindi cha kubahatisha bei za vitu. Alikuwa fundi wa kipindi hicho. Lau wangemwalika, leo angekuwa na friji tatu na mashua.

Sasa mtu aliyehangaikia lugha kiasi hicho ataificha kwa nini? Ni kwa sababu ya bata mzinga. Herlinda ana kisa kimoja kinachopita visa vyake vyote, cha bata mzinga aliyeingia kanisani katikati ya harusi ya dada yake. Kisa hicho kina sauti zake, kina mwendo wake, kina mahali pake pa kunyamaza, na mtaani tumekisikia mara nyingi na bado tunavuta viti. Krismasi moja mwanawe Evaristo alikuja kutoka Seattle na watoto wake wawili, watoto wenye adabu sana, wakakaa kwenye sofa magoti pamoja. Herlinda akawapa kisa kizima, hakubakiza unyoya. Watoto wakatabasamu. Halafu wakamgeukia baba yao, naye Evaristo akawatafsiria kwamba bata mzinga alitoroka. Basi. Siku ya pili Herlinda alijaribu kuwasimulia mwenyewe kwa Kiingereza, na bata hakufika hata mlango wa kanisa. Akaingia jikoni akalia, na waliomwuliza akawaambia ni pilipili.

Mwaka uliofuata binti yake Griselda, anayeishi naye nyumba moja, alimzaa Yareli. Herlinda alimpokea akiwa amefungwa kwenye blanketi, akamtazama vizuri, akaapa kwamba huyu hampotezi. Samaki mkunje angali mbichi. Tangu siku hiyo, mtoto akiomba maziwa kwa Kiingereza bibi anatazama dirishani kuona kama mvua inakuja. Akiomba kwa Kihispania, maziwa yanafika yakiwa na mdalasini juu. Mtoto hakuwa mjinga. Kabla hajaota meno yote alikuwa anaomba maziwa, mdalasini na nyongeza kwa Kihispania kitamu kabisa.

Tatizo la kujifanya husikii ni kwamba unasikia. Yareli na watoto wa majirani walikuwa wanapanga njama zao mezani jikoni, waziwazi, kwa Kiingereza, huku bibi anakanda unga wa tortilla, zile chapati za mahindi, hatua mbili kutoka kwao. Wakipanga kuila keki ya maziwa, keki inahama kabati. Wakipanga kumfungulia mbwa wa Cuca, mbwa anakutwa na mnyororo mpya. Wakipanga kuichukua rangi ya kucha ya Griselda, chupa haionekani. Watoto wakiuliza amejuaje, Herlinda anaelekeza kidole kwenye picha ya Bikira Maria, Mama wa Guadalupe, ukutani na kusema huyo ndiye anayemnong'oneza. Ikafika mahali Yareli, kabla ya kupanga jambo lolote, anapanda kiti na kuigeuza picha iangalie ukuta. Herlinda alipoona hivyo aliona haya kidogo mbele ya Mama wa Mungu, lakini si haya ya kumfanya aache.

Siku mbaya hazikukosa. Kuna mara mshindani wa kipindi cha bei alitaja bei ya jiko ambayo hata mlevi asingeitaja, Herlinda akasonya kwa nguvu. Yareli akamwuliza amesonyea nini. Akajibu kwamba shati la yule bwana halikupigwa pasi.

Shule ya Yareli ni ya lugha mbili. Asubuhi wanasoma Kiingereza kwa Mwalimu Halvorsen, alasiri wanahamia chumba cha pili kwa Mwalimu Obdulia, na kila kitu huko ni kwa Kihispania, hata kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Mtoto alikuwa hodari pande zote mbili, na mdomo wake ulikuwa wa chiriku pande zote mbili. Mambo yalikwenda vizuri hivyo hadi darasa la nne, pale wazazi wa rafiki yake mkubwa, Brisa Olmedo, walipoamua kwamba Kihispania binti yao anacho cha kutosha nyumbani, wakamhamishia darasa la Kiingereza kitupu. Na darasa hilo, alasiri, wakati Yareli anaandika insha, lilikuwa uwanjani linarusha roketi za chupa.

Kwa mtoto wa umri ule, rafiki na roketi ni dunia nzima. Yareli alianza kununa kila alasiri. Akaanza kusema nyumbani kwamba Kihispania ni lugha ya kuoshea vyombo. Alimwambia mama yake, si bibi, tena kwa Kiingereza. Bibi alikuwa pale pale anaosha vyombo.

Oktoba ikafika, na pamoja nayo siku ya wazazi kukutana na walimu. Oktoba ni mwezi wa matofaa, na mwezi huo Griselda haonekani nyumbani ila kwa kulala, kwa hiyo alimwomba mama yake amwakilishe. Shule ilikuwa na mkalimani mmoja tu, na foleni yake ilifika kwenye maegesho. Basi ikafuatwa desturi yetu ya siku zote: mtoto awatafsirie wakubwa. Huku kwetu watoto ndio wanaotusemea benki, ndio wanaotusemea kwa daktari, na ndio tunaowaachia, Mungu atusamehe, watusomee hata mashtaka yao wenyewe. Kesi ya nyani kumpelekea ngedere.

Waliketi watatu kwenye viti vidogo vya watoto. Mwalimu Halvorsen ni mtu mrefu na mpole, magoti yake yalikuwa karibu na masikio. Akaanza kwa kusema, kwa Kiingereza, kwamba Yareli ni msichana mwenye akili ila anaongea mno wenzake wakifanya kazi.

Yareli akamgeukia bibi yake, akakunja mikono. "Mwalimu anasema ninachangamsha darasa, Bibi. Wenzangu wananitegemea."

Mwalimu akasema kwamba kazi za nyumbani anazileta anapojisikia.

"Anasema kazi zangu anazisubiri kwa hamu."

Herlinda alitikisa kichwa kwa heshima. Ndani alikuwa amejibana mbavu. Maana uongo ulikuwa uongo, lakini Kihispania kilikuwa cha dhahabu. Mtoto hakukwama hata neno moja. Alipanga sentensi zake kama mtu anayehutubia bunge, akatumia maneno ambayo Herlinda mwenyewe huyasikia kwa padri tu, na macho makavu kabisa. Evaristo asingeweza kusema hata robo yake. Herlinda aliona fahari, tena fahari kubwa, na akajiambia kwamba viboko vya maneno atampa nyumbani.

Kisha mwalimu akavuta kompyuta yake karibu. Akasema taratibu kwamba Yareli amemweleza kuwa familia ingependa ahamie darasa la Kiingereza kitupu, kwa kuwa nyumbani siku hizi hakuna anayetumia Kihispania tena. Nafasi ipo, akasema. Angeweza kuanza Jumatatu. Alichohitaji ni kauli ya mkubwa wa nyumbani tu, na darasa la lugha mbili likishaachwa, kiti hicho hupewa mwingine na hakirudi.

Herlinda akayarudia moyoni. Nyumbani hakuna anayetumia Kihispania. Yeye basi alikuwa nani?

"Bibi," Yareli alisema, safari hii akitazama meza, "mwalimu anasema wanataka kunipandisha darasa la watoto wenye vipaji. Ni heshima kubwa kwa ukoo. Anauliza kama unakubali."

Bado kulikuwa na njia ya kutoka bila kutoboa siri. Herlinda akaiona na akaishika. Akasema kwa Kihispania, polepole, neno moja moja. "Mwambie mwalimu namshukuru sana, lakini hapana. Abaki pale pale alipo. Mwambie hivyo hivyo nilivyosema."

Yareli akamgeukia mwalimu, akasema kwa Kiingereza, "Bibi anasema ahsante sana, na amekubali."

Mwalimu akatabasamu, akaweka vidole kwenye kompyuta.

Herlinda alikuwa na nafasi ya pumzi moja. Akiuchuna, mtoto anaondoka kwenye Kihispania Jumatatu. Akisema, mtoto atajua kwamba kwa miaka yote hii angeweza kuomba maziwa kwa lugha yoyote aliyotaka. Pande zote mbili anampoteza, isipokuwa upande mmoja una mlango wa kurudia.

"Hapana, bwana," Herlinda alisema kwa Kiingereza. "Mimi nimesema hapana. Mtoto anabaki. Nyumbani tunasema Kihispania kila siku. Na kazi za nyumbani ataleta. Na mdomo, mimi nitashughulika na mdomo."

Mwalimu Halvorsen akamtazama bibi, akamtazama mjukuu, akafunga kompyuta na kuanza kukohoa kikohozi ambacho hakikuwa cha mafua. Yareli hakukohoa. Alikuwa amegeuka rangi ya unga. Alimtazama bibi yake hivyo hivyo hadi waliposimama, na mpaka leo Herlinda anasema kwamba katika maisha yake hajawahi kutazamwa kwa muda mrefu kiasi kile na mtu asiyepepesa.

Walirudi kwa pikapu ya bibi. Walipita kiwanda, wakapita kanisa. Kwenye taa nyekundu Yareli akasema kwa Kiingereza, "Keki ya maziwa."

Bibi akakaza macho barabarani.

"Na mbwa," mtoto akaendelea. "Na siku ile ya rangi ya kucha. Yote ulikuwa wewe. Si Mama wa Guadalupe."

"Yeye naye anajua," bibi alijibu kwa Kihispania, "ila hana haja ya kuongea kila siku."

Griselda aliporudi kutoka kazini alisikiliza habari yote akiwa hajavua buti. Alimpa binti yake adhabu ya vyombo, na ya kutokwenda kwa akina Brisa, kwa uongo wake mbele ya mwalimu. Kisha akamwambia mama yake kwamba naye kama angekuwa mdogo angempa adhabu hiyo hiyo.

Darasa likabaki lile lile. Lakini nyumbani Yareli alianzisha vita vyake. Kwa kuwa bibi anasikia, basi asikie. Akaamka kwa Kiingereza, akala kwa Kiingereza, akaomba soksi kwa Kiingereza. Herlinda alijibu kwa Kihispania, mtoto akarudisha Kiingereza, na hakuna aliyeweza kujifanya hakuelewa, kwa hiyo soksi ilibidi zitolewe. Kihispania alikiacha shuleni kwa Mwalimu Obdulia, akakichukua alasiri na kukirudisha kabla ya kengele. Herlinda alimtazama akinywa maziwa yasiyo na mdalasini, miguu pamoja chini ya meza, na akawaona wale wawili wa Seattle.

Akaenda kwa Cuca kulia shida. Cuca alikuwa anamenya majani ya dungusi kibarazani, na hakuwa na huruma ya haraka.

"Shoga, umelikoroga," Cuca alisema. "Linywe sasa."

Herlinda alimwambia hakuja kusikia methali, hizo anazo mwenyewe nyumbani.

"Nisikilize basi. Mtoto anataka bibi wa Kiingereza, si ndiyo? Wewe mpe huyo bibi. Sisi wengine tumeshamwona."

"Mmemwona wapi?"

"Mbele ya wazungu," Cuca alisema, akakata mwiba. "Hana utani hata kidogo. Mimi kwangu nisingemkaribisha."

Herlinda alirudi nyumbani amekasirika, kwa sababu ilikuwa kweli. Asubuhi yake Yareli akaingia jikoni na kutamka kwa Kiingereza kwamba anataka yai. Bibi akageuka, akakunja mikono juu ya aproni, akajibu kwa Kiingereza cha moteli, kile ambacho meneja alimfundisha siku ya kwanza ya kazi.

"Habari ya asubuhi, binti. Ndiyo, binti. Yai moja. Kuna kingine naweza kukusaidia?"

Yareli alicheka mpaka maziwa yakamtokea puani. Aliona ameshinda. Siku ya kwanza ilikuwa mchezo mzuri. Bibi alibisha hodi kabla ya kuingia chumbani, akauliza kama vitanda vitandikwe sasa au baadaye, akamtakia siku njema. Mtoto akamhadithia Brisa shuleni, wakacheka wote wawili.

Siku zilizofuata kicheko kilipungua. Bibi huyu mpya hakumwita chiriku wangu, wala roho yangu, wala mdomo mrefu. Hakuwa na habari yoyote ya Cuca na bwana mmoja mjane anayemletea malenge. Hakugombeza. Yareli aliacha koti sakafuni makusudi, kando ya mlango, na bibi akaliokota, akalitundika, akasema hakuna shida, binti. Yareli akasimama pale akisubiri sehemu iliyobaki. Hakuna kilichofuata. Jioni alimwomba kisa cha bata mzinga, aliomba kwa Kiingereza, na akapewa: bata aliingia kanisani, bata alitoka kanisani, usiku mwema.

Usidhani Herlinda alikuwa anafurahia. Ulimi ulimwasha mchana kutwa. Mara mbili alijifungia bafuni akaligombeza lile koti peke yake, kwa sauti ya chini, mpaka akasikia nafuu. Ila alikuwa mkaidi, na mkaidi mwenzake alikuwa amemlea mwenyewe.

Ijumaa Yareli alirudi kutoka shuleni uso umemshuka. Alitupa begi, akasimama katikati ya jikoni, na machozi yakaja kabla ya maneno. Maneno yalipokuja yalikuwa ya Kiingereza, yote kwa mpigo. Brisa alikuwa amemwalika aje kurusha roketi nao baada ya masomo. Alipofika akamkuta Brisa ana rafiki mwingine, na mbele ya wote Brisa akasema kwamba Yareli si wa darasa lao, yeye ni wa kule kwa bibi yake mfanyakazi wa hoteli. Kisha akamwigiza bibi: ndiyo, binti, kuna kingine naweza kukusaidia. Wote walicheka, maana Yareli mwenyewe ndiye aliyewafundisha.

Herlinda aliacha unga. Hakuwa na hasira, hakuwa anacheza tena. Alimwona mtoto wake anaumia, na mtoto alikuwa anaumia kwa Kiingereza, kwa hiyo akataka amfuate huko huko alikokuwa. Akafungua mdomo na kutafuta. Akatafuta kwenye moteli, kwenye kiwanda, kwenye ukumbi wa kanisa, kwenye kipindi cha bei, kote alikowahi kupita na lugha ile. Alijua friji inaitwaje na inauzwa kiasi gani. Alijua kuomba ruhusa, kuomba msamaha, kuuliza saa ya kutoka. Neno la kumwambia mtoto anayelia, hakuna mtu aliyewahi kumwambia yeye huko, na hakulipata.

"Tunaomba radhi," alisema kwa Kiingereza, "kwa usumbufu."

Alijisikia mwenyewe. Akaweka mkono mdomoni, mkono wenye unga.

Yareli aliacha kulia, akamtazama. Alitafuta usoni pa bibi yake kama kuna mzaha na hakuuona.

"Bibi," alisema, na sasa ilikuwa kwa Kihispania, kidogo kidogo, "sema vizuri."

"Sina, mama. Nimetafuta. Kule sina zaidi ya hayo." Herlinda naye alikuwa analia, na safari hii hakuisingizia pilipili. "Kule mimi ni huyo uliyemwona. Mtu mmoja mpole, hamjui mtu. Sitaki awe bibi yako, Yareli. Nilikudanganya miaka yote hiyo kwa sababu sikutaka umjue."

Mtoto alifikiri. Alifuta pua kwa mkono wa sweta, jambo ambalo wiki iliyopita lingempatia hotuba nzima.

"Basi nigombeze," alisema.

"Nikugombeze nini?"

"Koti. Na uongo wa kwa mwalimu. Na nimekuigiza kwa Brisa, Bibi, mimi ndiye niliyeanza. Nigombeze vizuri, usiruke kitu."

Herlinda akavuta kiti, akaketi, akamvuta mtoto katikati ya magoti yake mabovu, na akaanza. Alianza na koti, akapanda hadi kwenye uongo, akasimama kidogo kwenye sweta, akampitisha kwa babu yake marehemu aliyekuwa mwongo wa kipaji lakini hakuwahi kumdanganya mwalimu, akamwita chiriku, mdomo mrefu, roho yangu, mwizi wa keki, uhai wangu, mtoto asiye na woga hata wa Mama wa Mungu. Yareli alisikiliza kichwa kikiwa begani kwake, akiitikia ndiyo Bibi, hapana Bibi. Alipoona mambo yanaelekea kuisha akamkumbusha rangi ya kucha. Unga wa tortilla ukakauka mezani.

Yalipokwisha yake, bibi aliingia kwenye habari za Brisa. Akaeleza kwamba akina Olmedo anawafahamu tangu kijijini. Babu yao alichukua punda wa watu kwa siku moja na punda akazeekea kwao, na bibi yao alikuwa akisali huku jicho moja liko kwenye kofia za wenzake. Kwa hiyo mtoto kama yule hakuokota tabia barabarani, alirithi kamili. Alikuwa amefika kwa shangazi yao wa Zamora, na sauti imeshapata moto, pale Yareli alipoinua kichwa na kumshika mdomo kwa vidole viwili.

"Bibi, usiwamalize wote," alisema kwa Kihispania. "Jumatatu huenda tukapatana."